Jiko la Zipora na Wageni wa Kampuni

"Anza na la kwako, Kapita! La kwako si lina paa la mabati, linang'aa mpaka barabarani? Livunje kwanza nione, ndipo uje kuniguza mimi!"

Zipora alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko lake, mwiko mkononi, unga wa muhogo hadi kwenye viwiko. Mbele yake Dismasi, kapita, yaani nyapara wa kambi yetu ya shaba, na nyuma ya Dismasi wanaume wawili wenye nyundo ambao hawakujua macho wayaweke wapi, kwa sababu jana yake walikula humo humo.

"Mama, mimi natumwa tu," Dismasi akasema. "Wageni iko wanakuja Ijumaa. Shefu hataki kuona vibanda nyuma ya nyumba."

"Kibanda! Kibanda hiki kimekulisha kabla hujaoa, leo kinanuka?"

Tulicheka, sisi majirani. Dismasi hakucheka. Naye alijua kwa nini. Jiko la kwake, ambamo mkewe Kabibi alipika asubuhi na jioni, alikuwa amelipa jina jipya wiki ile: stoo. Eti stoo haikatazwi. Stoo yenye mafiga matatu na moshi!

Kambi yetu iko milimani, juu ya Kizuka. Kampuni ilipoyapata mawe ya kijani ilijenga nyumba safu kwa safu, zote rangi moja, hata mlevi akirudi anaingia kwa jirani na anavua viatu kabisa. King'ora kinatuamsha, king'ora kinatulaza. Maji ya Kampuni, mlango wa Kampuni, na mume naye ni wa Kampuni mpaka jioni, anaporudishwa na vumbi la kijani kwenye kope. Shaba yenyewe inashuka kwa malori mpaka bandarini Rumonge, inapanda meli, inakwenda kuwa nyaya za umeme za watu tusiowajua. Kwetu taa inazimika kabla bugali haujaiva.

Na walituwekea jiko ndani, hilo siwanyimi. Meza ya vigae inayofika kifuani, na juu yake sahani ya umeme. Aliyeichora sijui alilelewa kwa chakula gani. Bugali wa muhogo hausongwi umesimama kama unapiga pasi. Unakaa chini, unabana sufuria kwa miguu, unasonga kwa mgongo mzima. Zipora alijaribu mezani pale mara moja. Sufuria iliruka, kigae kikapasuka, na mumewe akakatwa mshahara wa kigae. Ndipo kila mwanamke akajenga jiko la udongo nyuma, na Kampuni ikafumba macho, mpaka liliposikika neno wageni.

Kwa sisi wengine jiko ni jiko. Kwa Zipora lilikuwa shamba. Alizaliwa ukimbizini Tanzania, akaolewa na Venanti huko huko, na waliporudi kwao Nyanza-Lac walikuta shamba la baba mkwe limesimama michikichi ya mtu mwingine. Kesi bado iko, inazeeka. Wakaja kwenye shaba. Venanti alitoboa mwamba mpaka jiwe likamvunja nyonga. Sasa anainua kizuizi cha getini kwa nusu ya mshahara. Basi Zipora akaanza kupikia wanaume wasio na wake: bugali, mboga ya lenga-lenga, dagaa wale wa Gitaza tunaowaita ndagala, ndani ya mawese mekundu. Jiko likianguka, na nyumba yake inalala njaa.

Siku ile nyundo hazikupigwa. Zipora alinawa mikono, akafunga kitenge safi, akaenda biro, ofisini kwa Shefu wa kambi. Nilimsindikiza.

"Amahoro, Shefu."

"Amahoro, mama. Shida gani?"

Akamweleza. Nyonga ya mume, watoto, wanaume wanaotegemea chungu chake. Shefu alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Lakini ndani iko jiko la kisasa, mama."

"La kisasa linavunja vigae, Shefu."

"Regleman ni regleman, sheria ya Kampuni haina ndugu. Nikikuachia wewe, nitamwambia nini mwingine?"

Hapo Zipora alikuwa amekwisha kushindwa, na mtu aliyeshindwa huokota chochote cha kurusha.

"Kama ni regleman, mbona la Kapita limesimama?"

Shefu akainua kichwa. "La Kapita lipi?"

Asubuhi yake yote mawili yalikuwa chini, la Zipora na la Kabibi, na ya kwetu yakafuata. Dismasi alilivunja la kwake mwenyewe, Shefu akiangalia. Hayo ndiyo mashitaka ya maskini: unakwenda kuombea la kwako, wanabomoa na la jirani, halafu wanakuambia haki imetendeka.

Kabibi alikuja na masizi usoni.

"Nimekukosea nini, Zipora?"

"Nilimshitaki mume wako. Wewe sikukutaja."

"Mume wangu anashika mwiko? Ulipomtaja yeye, nani alikuwa amekaa kwenye mafiga?"

Zipora akainama, akaokota figa lililodondoka, akalifuta vumbi.

"Sikia," Kabibi akasema. "Udongo wa jiko lile niliukanyaga peke yangu, mimba tumboni. Kazi ile yote leo ni vumbi. Wewe unanidai? Hapana. Mimi ndiye ninayekudai."

Nyuma ya nyumba watu wa Kampuni walimwaga kokoto, wakapaka mawe chokaa. Ijumaa ikafika, wanaume hawajala. Zipora akatoa mafiga yake, akayapanga mbele ya nyumba, kando ya barabara kabisa, akawasha. Sisi tukamfuata. Mlinzi mmoja, mwenzake Venanti wa getini, akaja mbio.

"Zimeni! Magari yamefika chini!"

"Wewe siku zote unakula kwa nani?" Zipora akamwuliza. Mlinzi akarudi getini polepole.

Magari yakaja, vioo vimefungwa. Yalipita katikati ya moshi wetu bila hata kupunguza mwendo. Yakapanda kwenye shimo la shaba, yakashuka tena, yakaenda Rumonge kula samaki wa mukeke wa kuchoma kando ya ziwa. Hakuna aliyeshuka kwetu. Hakuna aliyeuliza nyuma ya nyumba kuna nini. Kwa ajili ya watu hao tulivunjiwa majiko! Laiti wangetutukana, tungejua basi kwamba walituona.

Baada ya hapo Kampuni ilinyamaza. Haikusema jengeni, haikusema msijenge. Shefu alitukuta tunakusanya matofali, akageuza uso kama aliyekumbuka jambo la biro.

Mimi nilidhani Zipora ataanza kwake. Wanaume wake walikuwa wanakula mvua na majivu. Kumbe alipita na jembe begani, moja kwa moja kwa Kabibi. Hakubisha hodi. Alichimba udongo, akamwaga maji, akapandisha kitenge magotini, akaanza kukanyaga. Kabibi alikaa kizingitini akichambua maharage, hakumsalimu. Jua likapanda. Zipora akaendelea kukanyaga.

King'ora cha mchana kikalia. Dismasi akarudi, akasimama, akatazama matope, akatazama wanawake wawili, akaona heri aingie ndani.

"Wapi?" Kabibi akamwuliza. "Vua viatu. Beba maji."

Kisha akaweka ungo chini, akaingia matopeni naye, akamshika Zipora mkono ili asiteleze.

"Inatosha," akasema. "Sikudai tena. Hii iliyobaki Kapita ataimaliza. Twende tukaanze la kwako, wanaume wako iko na njaa."

"Si bado kuta?"

"Nimesema sikudai. Unataka nikuandikie?"

Wakatoka na miguu ya udongo, Zipora mbele, Kabibi nyuma na jembe.