Fundi wa makochi ajifunza kukaa upya

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlango wa karakana umefunguliwa nusu. Ndani, katikati ya makochi yaliyovuliwa vitambaa, fundi ameketi sakafuni juu ya mto mgumu wa duara. Miguu ameikunja, magoti yamegusa chini, mikono imelala mapajani. Mgongo umenyooka. Anapumua taratibu, macho ameyafumba.

"Usinicheke," anasema bila kuyafumbua. "Wa kunicheka ninaye nyumbani, anatosha."

Anayemsema ni mkewe. Na kwa ajili ya mke huyo, fundi huyu, anayeitwa Sponji mtaa mzima, siku hizi anawaza kukaa kitako zaidi kuliko anavyowaza kazi.

Mambo yalianza mwaka jana. Muuguzi mmoja mstaafu alifungua jirani chumba cha kutafakari, mahali pa watu kukaa kimya na kufuata pumzi zao, akaagiza mito ya kukalia. Sponji aliitengeneza kama alivyozoea: laini, kitambaa cha kung'aa, na kifungo kikubwa katikati ya kila mto.

"Kwetu sisi mto bila kifungo haujaisha," anajitetea. "Ni shati lisilo na kola."

Asubuhi ya kwanza wanafunzi walididimia kama waliokaa kwenye tope. Migongo ikapinda, mmoja akakoroma. Wengine hawakutulia kwa sababu vifungo viliwachoma pabaya. Mito yote ikarudishwa.

Muuguzi, ambaye wanafunzi wake humwita Mwalimu, hakugomba. "Nilimwambia, fundi, hebu kaa wewe mwenyewe," anasimulia huku akicheka. "Akakaa. Hata wimbo mmoja wa redio haujaisha, ameshashika kiuno!"

Hapo Sponji akaelewa. Makalio yakizama, nyonga zinakuwa chini ya magoti, kiuno kinajikunja na mgongo mzima unafuata. Alirudi na mito iliyoshindiliwa sufi hadi ikawa migumu, kisha akaomba abaki darasani.

Mwalimu anasema kukaa vizuri si kujikakamua kama askari. Nyonga ziinuke kidogo kuliko magoti, mabega yashuke, kidevu kirudi ndani kidogo, uso ulegee.

"Miaka yote nimeinama juu ya makochi ya watu," Sponji anasema. "Sasa mgongo ukianza kulalamika nausikia mapema, nanyooka. Nina raha, sikufichi."

Raha hiyo ndiyo iliyomponza. Alibeba mto mpaka nyumbani, akamkalisha mkewe sakafuni, wakati anajua fika magoti ya mama huyo ni mabovu. Ndiyo yaliyomfanya aache kazi ya kufua nguo. Mama akashindwa kuinuka, ikabidi majirani waitwe.

"Aibu gani ile! Mtu mzima nainuliwa kama gunia," mke anasema. "Nikamwambia pale pale, hayo mambo yako usiniletee tena."

Tangu siku hiyo Sponji hukaa peke yake karakanani. Hafichi kwamba inamuuma. Watoto wote wana nyumba zao, na asubuhi ndiyo iliyokuwa saa yao wawili.

"Nimepata kitu kizuri, halafu nakila mwenyewe," anasema.

Ndipo Mwalimu alipomweleza kwamba si lazima mtu akae sakafuni. Hata kwenye kiti inawezekana, mradi nyayo zitue chini na mgongo usiegemee kitu. Sponji akachukua kamba, akampima mkewe miguu akiwa usingizini, ili amtengenezee stuli ya kimo chake.

"Akaamka," anasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Akaniuliza, unanipimia jeneza?"

Stuli yenyewe iko pembeni, imara, kiti chake kimeinama kidogo kwa mbele. Mke anapoingia na chupa ya chai, Sponji anamsogezea stuli. Mama anaibonyeza kwa kidole. Anakaa. Nyayo zinatua sakafuni, mgongo unanyooka wenyewe.

"Na kifungo?" anauliza. "Wewe huwezi kuacha kifungo."

"Nimekiweka kwa chini."

Mama anainamisha kichwa, anapapasa chini ya kiti, anakipata. Anacheka mpaka mabega yanashuka. Kisha anainuka, hakuna aliyemshika mkono.

"Kesho tunakuja wote," anasema akimmiminia mumewe chai. "Ila ukikoroma, narudi nyumbani na stuli yangu."