Mkojo Katikati ya Soda

Jumatano mgongo uliniuma upande mmoja, na Jumamosi nilikuwa na kazi ambayo sikutaka kumwachia mtu: kuongea mahari ya binti wa dada yangu. Mimi ndiye msemaji wa familia. Kwetu msemaji haanzi hivi hivi. Chungu cha pombe ya mtama kinawekwa katikati, pande mbili zinavuta kwa mirija, ndipo maneno yanatoka. Asiyevuta anaonekana amekuja na ugomvi.

Daktari alisema huenda ni mawe kwenye figo, nipeleke labo mkojo wa kwanza wa asubuhi. Mdogo wangu, anayekitamani kile kiti cha msemaji, alikuja jioni hiyo hiyo kuniuliza kama inauma sana, kwa uso wa mtu mwenye matumaini.

Alhamisi alfajiri nikajaza kichupa. Lakini maharagwe yangu yalikuwa yameshuka bandarini kutoka Kigoma, na gunia lisilo na mwenyewe hupungua lenyewe. Mkojo, nikafikiri, hauna mwizi. Nikaufunga kwenye mfuko mweusi, nikapita mtaani Nyakabiga kwa jirani mwenye duka, nikauweka ndani ya frigo yake katikati ya soda, usiharibike. Nilimwambia ni dawa ya kuku.

Saa nane mchana nikautoa, nikakutana na mke wangu labo. Fundi, msichana mwenye miwani, aliuzungusha mkojo kwenye mashine, akadondosha kidogo kwenye kioo, akainamia hadubini.

"Papa, hii ni mchanga. Kristali iko mingi, inafunika kila kitu."

"Na pombe?" mke wangu akauliza kabla yangu.

"Mama, kwa mutu wa hivi, pombe apana."

Mke wangu akatoa simu. Akampigia mdogo wangu, akamwambia ajiandae.

"Ngoja," nikasema. "We mutoto, hesabu tena."

"Papa, haihesabike."

"Mi kila kitu nahesabu mara mbili. Hata magunia ya leo, mara ya kwanza yalipungua, mara ya pili wakaogopa, yakatimia."

Akapumua, akakishika kichupa. Akakiacha. Akakishika tena.

"Mbona iko baridi hivi? Ulikojoa barafu?"

Mke wangu akashusha simu. Nikaeleza bandari, nikaeleza frigo. Soda sikuzitaja.

"Frigo gani?" mke wangu akauliza. "Ile ya soda za watoto?"

Fundi akacheka mpaka akavua miwani. Mkojo ukipoa sana, alisema, chumvi zilizoyeyuka ndani yake zinaganda kuwa mchanga, hata kwa mtu asiye na ugonjwa. Akakisimamisha kichupa kwenye maji ya moto. Ukungu uliokuwa ndani yake ukatoweka mbele ya macho yetu.

"Sasa leta ingine, ya moto moto."

Nilikunywa maji mpaka tumbo likalia kama mtumbwi uliojaa maji. Mke wangu akasimama mlango wa choo kama afisa wa forodha, eti nisije nikanunua mkojo wa mtu mwingine. Sikuwa na nia hiyo. Nilikuwa nimeuliza bei tu.

Mkojo mpya ulikuwa na kristali chache. Fundi akaniita nitazame: vidude vya pembe nne, kama bahasha zilizofungwa.

"Andika hakuna," nikasema.

"Ziko tatu."

"Tuseme moja, tusikosane."

"Papa, hapa si soko! Kidogo hivi, mutu yeyote anaweza kuwa nayo. Kunywa maji, upeleke karatasi kwa daktari."

Ijumaa daktari akaisoma, akanibonyeza mgongo nikapiga kelele, akasema ni misuli, niwaachie wenye nguvu magunia yangu. Kiti kikabaki changu. Ila mke wangu, aliyekwisha kumpa mdogo wangu matumaini kwa simu, akakata shauri: mimi niongee, mdogo wangu avute mrija kwa niaba yangu.

Jumamosi wageni, watu wa bwana harusi, wakaja kutoka mtaa wa Mutanga Nord. Mdogo wangu akavuta kwa moyo wote, sehemu yake na yangu. Nilikuwa nimewafikisha ng'ombe wa tatu aliposimama, akamkumbatia bwana harusi, akatangaza kwamba kijana mzuri hivi tunampa binti bure.

Wageni wakapiga makofi. Ikabidi nianze upya, kutoka bure kwenda juu, safari ambayo hakuna muuzaji anayeipenda. Tuliishia ng'ombe wawili.