Jino Tulilolichekecha Bendera

Siku ninayoikumbuka kuliko hata ya harusi yangu, mwanangu, ni ile niliyoshinda juani kule Bendera nikichekecha udongo kwa chekecheo la unga la mama yangu. Na harusi yangu haikuwa ndogo. Makande yaliyopikwa siku ile yangeshibisha Same nzima, na abiria wa mabasi wakafungiwa ya njiani. Lakini ya harusi nimeanza kuyasahau. Ya Bendera yamekataa kunitoka.

Hebu weka simu kando kidogo, nikusimulie.

Nilikuwa na kaka, Eliamini, aliyenitangulia kwa mama mmoja. Kwetu ni juu huko milimani, kwenye tangawizi na migomba, ambako asubuhi unakunywa chai ukungu ukichungulia kikombeni. Eliamini alichoka na mlima akateremka Bendera kukata mkonge. Miaka ya mwanzo alikuwa akirudi kila Krismasi. Baadaye akaacha. Mmoja akasema kamwona Ziwa Jipe akivuka kwenda Kenya, mwingine akasema yuko machimboni. Mama hakumbishia mtu. Kila Krismasi alipakua sahani ya Eliamini, akaifunika, na jioni akanipa mimi niile. Ndiyo maana nimenenepa hivi.

Basi ukaja msimu wa mvua kubwa. Maji yakamega kingo za korongo karibu na mashamba ya mkonge, na wakulima wakakuta mifupa ya mtu. Pamoja nayo kulikuwa na mkanda wenye bizimu la chuma la kichwa cha simba, kama ule aliokuwa akiuvaa Eliamini. Habari zikapanda mlimani, na Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu, akateremka kutazama. Mifupa hakuitazama, nani anataka kutazama mifupa ya mtoto wake? Alitazama mkanda tu, akalia, akarudi kutuambia kwamba Eliamini ameonekana.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la kwetu hasa. Kabla daktari hajasema neno, vijana walikuwa wameshachimba kaburi kando ya baba yetu, pembeni ya migomba. Sasa kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Lazima lipate mtu. Ukishachimba, umeshajibu swali ambalo hujauliza.

Mama peke yake hakulia. Alitoa kitenge kipya alichokuwa amekitunza, akakikunja, akakaa nacho mapajani.

Mimi na Baba Mkubwa tukateremka na jeneza hadi hospitali, Same mjini. Polisi walikuwa wamekataa kutoa mifupa mpaka daktari wa meno aione. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani mizito kama vitako vya chupa. Tukamwamkia. Baba Mkubwa hakutaka maneno mengi.

"Daktari, jeneza liko juu ya gari na kaburi liko wazi. Tupe mtoto wetu tuondoke kabla mvua haijakata barabara."

"Poleni sana, mzee wangu. Mtoto wenu alikuwa na meno ya namna gani?"

Baba Mkubwa akamtazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya punda wa Ibrahimu. "Meno? Alikuwa na meno ya mtu."

Nikaingilia. Nikamwambia kaka yangu alikuwa na mwanya, na jino moja la mbele, juu, lilikuwa limemeguka pembe kwa sababu alikuwa akifungua soda kwa meno. Kwenye harusi ya dada yetu alifungua kreti tatu kabla mchungaji hajamaliza kuombea chakula. Daktari akaandika, ingawa nadhani kreti aliandika moja.

Kisha akafunua kitambaa. Mwanangu, nilikuwa kijana wa kubeba gunia la tangawizi kila mkono, lakini pale nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Fuvu lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Meno ya mbele ya juu hayakuwepo.

"Si huo hapo mwanya!" Baba Mkubwa akasema.

"Hapana, mzee. Hizi ni tundu za meno. Jino la mbele lina mzizi mmoja, ufizi ukiisha linachomoka lenyewe. Yangekuwa yameng'oka siku nyingi akiwa hai, mfupa ungeziba hapa. Haya yamedondoka baada ya kufa."

Akatuonyesha meno yaliyobaki. Yalikuwa ya kahawia, yenye madoa na vishimo, kama ya watu tunaowajua waliokulia upande wa Arusha. "Na haya? Kaka yako alikuwa hivi?"

Alikuwa na meno meupe. Nilijua. Lakini nilikuwa nimeona kaburi, nimeona mama na kitenge chake, na nilitaka jambo liishe. Tena wakati ule nilikuwa nasoma shule ya jioni, na mwanafunzi wa shule ya jioni, akishafundishwa baiolojia, hakuna daktari anayemtisha.

"Ni maji ya visima vya huku chini, daktari," nikasema. "Mtu akiyanywa miaka, meno hubadilika. Sisi tumesoma."

"Umesoma wapi?"

"Shule ya jioni."

"Basi siku waliyofundisha meno ulisinzia."

Polisi aliyesimama mlangoni akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Daktari hakucheka. Akanieleza kwa utaratibu, kama anayemlisha mtoto, kwamba madoa ya namna ile huingia jino likiwa bado linaumbwa ndani ya ufizi, utotoni. Mtu aliyekunywa maji ya mlimani mpaka akaota ndevu hawezi kupata vishimo vile ukubwani, hata akihamia kisimani kabisa. Chai na tumbaku hutia rangi juu juu tu. Hii ilikuwa ndani ya jino.

Halafu akanisogelea, akashusha sauti, Baba Mkubwa asisikie.

"Mdogo wangu, wewe unataka awe yeye, au unataka kujua ni nani?"

Nimepewa vyeti tangu siku ile, na kimoja nimekitundika sebuleni ambapo hata mwizi lazima akione, lakini somo kubwa kuliko lile sijapewa.

Akasema anataka picha ya Eliamini akicheka. Nikapanda mlima. Jamani, picha za zamani! Ukoo mzima tulikuwa tunapigwa picha midomo imefungwa kama milango ya benki, mikono magotini, utadhani tunasubiri hukumu. Nilipekua sanduku zima. Mwisho mama akatoa picha moja kutoka kwenye Biblia yake. Harusi ya dada: Eliamini ana chupa mkononi, kichwa kakirusha nyuma, mdomo wazi, mwanya huo, na pembe ya jino imemeguka.

"Mpelekee," mama akasema. "Na umwambie asinipe jeneza. Anipe jibu."

Ndipo daktari akatupeleka Bendera, pale korongoni. Alisema meno yaliyodondoka hayajaenda mbali, na udongo lazima uchekechwe. Polisi walikuwa na chekecheo moja lililotoboka. Mimi nilikuwa nimebeba la mama. Jua la Bendera unalijua; siku ile mijusi ilikuwa ikiomba kivuli kwangu. Tukachekecha, daktari amepiga magoti kwenye tope na gauni lake la heshima. Vijiwe, mizizi, konokono. Kisha kitu kikagonga waya, tik, kikabaki.

Nilikiosha kwa maji ya chupa. Lilikuwa jino la mbele, la juu. Daktari alilitazama, akalilinganisha na tundu za fuvu alilokuja nalo sandukuni, likakaa sawasawa, upande ule ule wa jino lililomeguka kwenye picha. Kisha akanirudishia kiganjani na kunishikisha picha mkono wa pili.

"Sema wewe," akaniambia.

Jino lilikuwa la kahawia, lenye madoa. Na pembe zake zote mbili zilikuwa nzima.

"Pembe ikimeguka inaweza kuota tena?" nikauliza. Bado nilikuwa naomba.

"Haioti."

"Basi siye."

Nilisema "siye" nikalia kama aliyefiwa, wakati nilikuwa ndiyo kwanza nimerudishiwa kaka. Na bizimu la simba? Tulipopita mnadani kurudi, Baba Mkubwa mwenyewe alisimama mbele ya rundo la mikanda ya mitumba. Simba walikuwa wengi pale kuliko mbuga nzima ya Mkomazi.

Nyumbani watu walikuwa wamejaa. Nikampa mama jibu, kama alivyoagiza. Akafumba macho, midomo ikatembea. Baba Mkubwa akavuta kiti karibu yake.

"Shemeji, nisikilize. Watu wameshakuja. Kaburi liko wazi. Yule kule hana wa kumdai. Tumlete, tumzike kwa jina la Eliamini, na wewe moyo wako upumzike."

Mama hakupandisha sauti. Hakuwahi kupandisha sauti maisha yake yote, na tulimwogopa kuliko radi.

"Shemeji, babu zenu walikuwa wakiweka mafuvu ya wakubwa wa ukoo pangoni. Kila fuvu lilijulikana ni la nani na lina watoto gani. Leo wewe unataka kumwekea mtoto wa watu jina la mwanangu? Na mama yake naye akae anafunika sahani mpaka afe?"

Baba Mkubwa akarudisha kiti nyuma kidogo.

"Na kaburi?" Baba Mkubwa akauliza, sauti imeshuka. "Basi tulaze gogo la mgomba badala ya mwili, kama desturi."

"Gogo ni la aliyekufa. Mimi sijaambiwa amekufa. Nimeambiwa yule si yeye."

Akainuka, akaenda mwenyewe migombani, akachagua mche mchanga wenye mizizi, akaukabidhi kwa vijana. Kaburi la kaka yangu likajazwa udongo na samadi, na juu yake ukapandwa mgomba hai. Kile kitenge alinipa. "Kampe daktari. Yule mtoto asikae kwenye gunia."

Rangi ya yale meno iliwapa polisi pa kuanzia. Waliulizia upande wa Arusha, na baada ya muda akapatikana mama aliyepotelewa na kijana wake. Kabla hajaonyeshwa chochote, alimweleza daktari kuhusu jino la kushoto lililokuwa limepanda juu ya jingine, alivyokuwa akimtania nalo utotoni. Lilikuwepo. Akamchukua mwanawe, amefungwa kwenye kitenge cha mama yangu.

Huyo mama alipanda mlima wetu kutafuta mwenye kitenge. Aliingia uani, akamwamkia mama shikamoo, kisha wakashikana mikono na hawakuachana mpaka uji ukapoa. Sikusikia walichoongea. Nilisikia tu mgeni akiuliza jina la Eliamini, akalirudia taratibu ili alishike.

Kaka yangu hakurudi, mwanangu. Mama alikufa akiwa bado anafunika sahani. Lakini siku za mwisho aliniambia kwamba kungoja kwake kulikuwa kwa kweli, na hilo lilimtosha. Mimi, nilipopata habari kwamba siku hizi watu hutambuliwa hata kwa mate ya ndugu zao, niliwasumbua polisi na madaktari mpaka wakanipangusa ndani ya shavu. Mate yangu yamewekwa huko. Siku Eliamini atakapookotwa, popote pale, asiwe wa kubahatisha.

Sasa sikia ninachokuagiza. Ukiondoka nyumbani, sema unakokwenda, na ukihama huko, sema tena; sahani iliyofunikwa ni mzigo mzito kwa mtu mzima. Ukipigwa picha, cheka, onyesha meno, hata kama moja limepinda, kwa sababu lililopinda ndilo lako. Nenda kwa daktari wa meno kabla halijauma, ajue kinywa chako kama mimi ninavyojua shamba langu. Soda fungua kwa kifungulio. Na msiba ukibisha hodi na watu wakakuharakisha, jiulize lile swali la daktari, na usichimbe mpaka umejibiwa. Kila mfupa una mama yake.

Haya, chukua hilo chane la ndizi uondoke nalo. Ni la mgomba ule ule. Umezaa na kuzaana mpaka umekuwa kichaka, na ndizi zake ni ndefu kama mkono wangu, muulize yeyote. Mungu akujalie uzeeke ukiwa na meno yako na jina lako, na popote utakapolala mwisho wa safari, pawe na mtu wa kusema: huyu namjua, huyu ni wetu.