Handeli wa Tulia

Pale sokoni Tulia, mtu akiimba vizuri aliambiwa, "Wewe ni Handeli." Mlevi akipita akinguruma, wenye maduka walicheka, "Leo Handeli amekunywa." Wengi hawakujua kwamba jina hilo lilikuwa la Mzungu wa zamani aliyetunga nyimbo kubwa za kanisa. Kwao Handeli alikuwa mmoja tu: Muthama, fundi wa viatu na mwalimu wa kwaya.

Jina alilipata miaka ya sitini. Alikuwa amewafundisha waimbaji wimbo mrefu wa huyo Mzungu, sauti zote nne, mpaka akina mama wasiojua kusoma wakauimba bila kutetereka. Mmishonari mmoja akasimama akapiga makofi: "Sasa mna Handel wenu." Muthama akajifanya kuona haya. Uongo mtupu! Alilipenda jina hilo kuliko koti lake la Jumapili, na mteja asiyemwita hivyo alingojea kiatu chake sana.

Mkewe alifariki mapema, wakiwa hawajajaliwa mtoto. Kwa Wakamba, mtu akifa bila mtoto wa kubeba jina lake amekwisha kabisa, na jambo hilo lilimuuma kila alipoalikwa kumwona mtoto wa jirani. Kisha Kavata, binti wa dada yake, akajifungua mvulana aliyelia bila kupumzika. Akina mama walijua shida ni nini: mtoto amekataa jina. Wakamzunguka, wakamwitia majina ya ukoo moja baada ya jingine, naye akazidi kulia. Nyanya mmoja aliyechoka akasema kwa mzaha, "Basi, Handeli!" Mtoto akanyamaza, akanyonya, akalala. Muthama alipopata habari aliacha kiatu cha watu nusu kimeshonwa, akakimbia hadi kwa Kavata na aproni yake kiunoni.

Mtoto alikuwa ameanza kutembea macho ya Muthama yalipoanza kufifia. Presha ya macho, walimwambia hospitalini, na umechelewa. Giza lilianzia pembeni, likasogea katikati, likabaki. Hata hilo angelivumilia, maana kwaya aliiongoza kwa masikio. Lakini kwenye mashindano ya kwaya pale Kabati alikuja mwamuzi, mtu wa kusoma, akitaka kumsifu mbele ya watu. "Hata Handel mwenyewe alipofuka uzeeni," akasema, "na hakuacha muziki."

Nusu ya pili hakuna aliyeisikia. Kumbe ni jina! Mzungu alikufa miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, na sasa eti amefika Tulia kuchukua macho ya fundi wa viatu. Watu wazima, wenye akili zao, waliyasema hayo wakitikisa vichwa. Utani ukaisha sokoni. Hata walevi wakapita bila jina.

Kavata aliendelea kumletea uji, na mbele yake alimwita mtoto Handeli kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Siku moja walipokwisha kuondoka, Muthama alimsikia kwa mbali, upande wa posho mill ya kusagia unga: "Muli! Muli, toka barabarani!" Alikaa na nyundo mkononi mchana kutwa bila kupiga msumari hata mmoja. Alikuwa na hasira, na alilia.

Kavata aliporudi tena, Muthama alimwuliza, "Kavata, huyu mtoto anaitwa nani siku hizi?"

"Si ni Handeli tu, mjomba."

"Nilikusikia pale kwa posho mill."

Kavata akaweka kibuyu chini, akaangua kilio. "Mjomba, si ati nimekukataa. Ameanza kujikuna macho. Kila mtu ananiambia. Mimi naogopa, mjomba."

Muthama alikuwa na maneno tayari. Angemwambia huo ni upuuzi, kwamba jina haliwezi kumpofusha mtu. Lakini akaikumbuka siku ile alipokimbia na aproni kiunoni, akiamini kwamba jina limemnyamazisha mtoto. Siku ile hakuuita upuuzi.

Akageuza uso upande wa mlangoni, ambako mtoto alikuwa akichezea vipande vya tairi.

"Muli," akaita. Sauti yake haikutetereka. "Muli, kuja hapa kwa babu."

Mtoto akaja mbio, bila kusita hata kidogo.