Jeli Iliyogoma Kutoka Kidumuni

Mimi ni mtu wa bara, Pwani nimekuja juzi tu, lakini mdomo ninao. Idi hii mwenzangu wa kazini, Bi Rukia, alinialika kwao Bofu, nami nikajigamba kwamba nitaleta jeli ya maembe. Mamake, kwa kuogopa jeli isiyo halali, akaniuliza kwa simu imetengenezwa kwa kitu gani.

“Mwani wa baharini, Mama! Haina mfupa wala ngozi ya mnyama, wallahi,” nikaapa, mimi ambaye Jumapili huimba kwaya.

Kwangu Changamwe sina friji. Nikaona ujanja ni kuimimina kwenye kidumu kipya ikiwa bado majimaji, ikagandie kwenye friji yao. Sikujua kwamba jeli ya mwani haingoji friji. Ikipoa tu, hujigandia yenyewe.

Nilifika, nikaamkia wakubwa, nikainamisha kidumu juu ya bakuli la kioo. Nikakitikisa. Nikakipiga makofi matakoni. Hata tone! Ukumbi mzima ulikuwa ukinitazama.

Mama akakichukua, akachungulia ndani. “Rukia, lete kisu.” Kisha akanigeukia. “Mwanangu, si uliapa haina mnyama? Mbona sasa yataka kuchinjwa?”