Nilivyomnyima Mama Ndizi

Mimi ni mwalimu wa baiolojia huku Kimwani, na ugonjwa wangu mkubwa ni kuuliza. Daktari bingwa alipotuambia kwamba vali ya moyo wa mama imechoka na lazima ibadilishwe Dar es Salaam, mimi niliuliza mtu anashonaje kitu kinachorukaruka.

"Tunausimamisha kwanza," alisema.

Alieleza kwamba damu hupitishwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, kisha moyo huingizwa dawa ya baridi yenye potasiamu nyingi. Unatulia kabisa. Ukishatulia na kupoa hauhitaji chakula kingi, ndiyo maana msuli wake hauharibiki wakati hakuna damu inayoupitia. Bila hivyo wangebadilisha vali na kuua msuli.

Mama aliniuliza kwa Kihaya kama moyo kusimama si ndiko kufa kwenyewe. Nilimjibu kwamba atakuwa salama, basi. Akatia kidole gumba kwenye fomu.

Tulipewa wiki tatu za kusubiri, nikampeleka nyumbani Izimbya. Huko nilifanya kosa ambalo sidhani mtu wa mkoa mwingine angelifanya. Potasiamu husimamisha moyo. Ndizi zina potasiamu, nafundisha hivyo kila mwaka. Na mama amekula ebitoke, ndizi zetu za kupika, mchana na jioni tangu aote meno. Nikapiga marufuku ndizi, nikaleta mchele na unga.

Kwetu mtu asipokula ndizi hajala. Mama alikula wali vijiko vitatu, akasukuma sahani, akabaki kutazama migomba iliyofika hadi mlangoni. Majirani walileta mikungu, nikawarudisha nayo.

"Unataka njaa iniwahi kabla ya madaktari?" aliuliza, lakini hakubisha zaidi. Nilishangaa kidogo, maana mama si mtu wa kukatazwa kitu.

Baada ya wiki mbili gauni lake la kanisani lilikuwa linaning'inia. Tulipokwenda kupimwa Bukoba mjini, muuguzi alimpima uzito mara mbili, akauliza anakula nini. Nilimweleza kwa majivuno, potasiamu na yote. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akakasirika.

"Mwalimu, ndizi zinapita tumboni, na figo za mama ni nzima, zinachuja. Ile dawa inaingia kwenye mishipa ya moyo wenyewe, tena moyo umetengwa na mwili. Akizidi kukonda hivi wataahirisha upasuaji, na vali yake haiwezi kusubiri."

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nilimpeleka mama Miembeni, palepale mjini, kwa mama lishe mmoja, akala ndizi na maharage sahani mbili, na wala hakunikaribisha.

Alirudisha nguvu kiasi cha kutosha, tukasafiri Dar es Salaam, wakampasua. Mchana daktari aliyempasua alipotoka nje, niliuliza swali moja tu: waliuamshaje moyo?

"Hatukuuamsha. Tuliuachia damu ya joto ikaisafisha dawa, tukasubiri. Ulitetemeka kidogo, ukaanza wenyewe."

Nililia mbele yake kama mtoto.

Siku ya tatu mama aliweza kuzungumza. "Moyo ulisimama?"

"Ulisimama, mae," nilimwambia, nikimwita mama kwa Kihaya. "Zaidi ya saa moja."

Alifikiri. "Siku ile uliposema nitakuwa salama, ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Niliona. Wewe ukijua kitu unaeleza mpaka mtu anachoka. Siku ile ulisema neno moja, ukanyamaza."

Nilimshika mkono, nikahisi mapigo yake chini ya vidole vyangu. Nilimwomba anisamehe kwa habari ya ndizi.

"Mimi nimezila miaka sabini, ningeshindwaje kujua haziui?" alisema. "Ulikuwa unaogopa, mwanangu. Nikaona nikuachie kitu cha kufanya."