Valvu za Maureen Sugden

Nilishindwa shindano la kupuliza tarumbeta bila kupuliza hata noti moja.

Nilisema neno moja tu. Moja! Nikatolewa.

Na mpaka leo nalishukuru neno lile kuliko sifa zote nilizopewa maishani. Na nimepewa nyingi.

Naitwa Clifford Ormondroyd, umri miaka sabini na sita. Nilikuwa fundi mitambo wa mgodi wa makaa hapa Denbrook, Yorkshire, mpaka walipoufunga. Shule ya mchana niliiacha nikiwa na miaka kumi na tano. Ya jioni niliisoma miaka sita, kila Jumanne na Alhamisi, masizi yakiwa bado masikioni. Kwa hiyo hata nukta-mkato najua pa kuiweka.

Kwenye bendi ya kijiji nilipuliza yufonia. Kama huijui, ni lile tarumbeta nene la kupakatwa kifuani kama mtoto mchanga, lenye sauti ya mzee aliyekula akashiba.

Kiti cha mbele cha yufonia, yaani cha mpulizaji mkuu, nilikikalia miaka thelathini na moja.

Lakini sifa yangu kubwa ilikuwa valvu.

Valvu ni zile pistoni tatu unazozibonyeza kwa vidole kubadilisha noti. Zikiwa laini, wewe ni mfalme. Zikikwama, unatoa mlio wa ng'ombe aliyekanyagwa mkia.

Bendi nzima iliniletea vyombo vyao. Nilizitoa valvu, nikazifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, nikatia mafuta matone matatu. Si mawili, si manne. Kisha kila moja ikarudi kwenye nyumba yake.

Maana valvu na nyumba yake ni kama mume na mke waliozeeka pamoja. Wamesuguana mpaka wametoshana. Mhamishie mmoja kwa jirani, ataingia, lakini mambo hayatakwenda.

Ndiyo maana niliwafundisha wote: toa moja, safisha, rudisha. Ndipo uguse nyingine.

Basi, majira ya kuchipua ya mwaka mmoja, kiongozi wetu wa bendi, Bwana Lowther, akasimama mbele yetu akikuna kidevu.

"Mzee Clifford, usikasirike."

Mtu akianza hivyo, ujue kimeumana.

"Kiti cha mbele kitashindaniwa. Maureen anakitaka."

Maureen Sugden alikuwa amekaa kiti cha pili, ubavuni kwangu. Mpishi mstaafu wa shule, miaka sitini na moja, mikono minene ya kukanda unga, mapafu kama mivukuto ya mhunzi.

"Miaka kumi na moja nalitazama sikio lako la kushoto, Clifford," akasema. "Nimelichoka."

"Ni sikio zuri."

"Lina nywele."

Bendi nzima ikacheka. Mimi sikucheka.

Shindano lingekuwa kama mashindano yetu yote. Jaji anatoka mji mwingine na kukaa nyuma ya pazia. Haoni mtu, anapewa namba tu. Wapulizaji wanavua viatu, wanatembea kwa soksi, asije jaji akawatambua kwa mlio wa visigino. Na mshindani akifungua mdomo kusema neno lolote, ametoka. Hakuna mjadala.

Alhamisi kabla ya shindano, mazoezi yalipokwisha, Maureen akaniwekea yufonia yake mapajani.

"Valvu ya pili inajivuta. Nitengenezee."

Stanley wa ngoma akapiga mluzi. "Mama, unampa adui bunduki yako?"

"Ni fundi," Maureen akajibu. Kisha akanielekezea kidole. "Ila usinitilie gundi humo, we mzee."

"Gundi ni ghali, Maureen. Kwako ningetia uji."

Wakacheka tena, watu ishirini na tano. Wote walisikia. Kumbuka hilo.

Ijumaa nikaziweka yufonia mbili mezani jikoni, yake na yangu. Zilinunuliwa siku moja, kwa mtengenezaji mmoja, namba zilizochongwa hata kwenye valvu zinafuatana: yake inaishia kumi na saba, yangu kumi na nane. Mapacha watupu.

Nikazitoa valvu zote sita kwa mpigo.

Ndiyo, mimi mwenyewe. Najua nilichowafundisha wengine. Lakini kanuni ni za wanaojifunza, nikajisemea. Mimi ni mwalimu.

Nikatoka uani kusuuza mabomba ya vyombo vyenyewe. Niliporudi, mke wangu Enid alikuwa anatandika meza.

"Valvu ziko wapi?"

"Dirishani, kwenye sinia. Pai imeiva, na mimi sili na vyuma."

"Umezichanganya!"

"Si unazijua?"

"Nazijua kama ninavyowajua wanangu."

Enid akaniangalia. "Clifford, wanao unawachanganya majina kila Krismasi."

Nikazitazama zile valvu, hii hapa, ile pale, kwa jicho la fundi wa miaka hamsini, bila hata kusoma namba. Nikatia mafuta, nikazirudisha, nikazibonyeza. Zikateleza kama sabuni bafuni.

"Unaona?" nikamwambia.

"Kula," akasema Enid.

Jumamosi mchana ukumbi ukajaa. Pazia limeshushwa, jaji yuko ndani na kengele yake. Tukaokota vikaratasi vya zamu: Maureen namba moja, mimi namba mbili. Yeye kwa soksi za buluu, mimi kwa soksi yenye tundu la kidole gumba.

Akaanza.

Sehemu ya polepole aliipuliza vizuri mpaka nikaona wivu. Kisha ikaja sehemu ya mbio.

Valvu ya pili ikashuka. Haikupanda.

Mlio uliotoka, naomba nisiueleze.

Maureen akaivuta kwa kidole, akaendelea. Ikakwama tena. Akaivuta. Ikakwama mara ya tatu, naye akageuza kichwa polepole, akanitazama.

Bendi nzima ikanitazama.

Nyuma yangu Stanley akanong'ona, "Gundi."

Nikafungua kifuniko cha valvu yangu ya pili, nikaivuta nje kidogo. Kwenye shina lake pamechongwa namba.

Kumi na saba.

Nimekwisha.

Nikaelewa yote papo hapo. Mafuta mapya yalikuwa yameficha kosa langu. Chuma kilipopata joto la pumzi na mafuta yakapungua, mgeni akajulikana ndani ya nyumba ya watu.

Sasa sikia shetani alivyonijia, maana alikuja na hesabu zake. Clifford, nyamaza. Yeye ameshaharibu. Wewe una chupa ya mafuta mfukoni, tia matone sita, yatakuvusha dakika tano. Kiti ni chako. Nyumbani utazirudisha, nani atajua?

Na kweli, nani angejua?

Miaka thelathini na moja, ndugu yangu. Mkeo anakuona mbele kila Krismasi, kila maziko, kila gwaride. Maisha yamekunyang'anya mgodi, magoti na nusu ya meno. Umebaki na kiti.

Maureen akavuta valvu mara ya nne.

Nikasimama.

"Acha!"

Kengele ikalia nyuma ya pazia.

"Nani amesema?" jaji akauliza.

Bwana Lowther akafumba macho. "Mshindani namba mbili."

"Namba mbili ametoka."

Basi. Nikatembea na soksi yangu yenye tundu mpaka mbele ya watu wote.

"Nilichanganya valvu zake na zangu," nikasema. Sasa niliweza kusema nilichotaka, nilikuwa nimeshatoka. "Si makusudi. Nilizitoa zote pamoja, kinyume cha nilivyowafundisha. Kosa ni langu, na chombo si kibovu."

Nikapiga magoti pale pale. Nikatoa moja, nikaifuta, matone matatu, nikairudisha kwake. Moja moja. Maureen hakusema neno. Yeye bado alikuwa mshindani.

Jaji akamruhusu aanze upya, akionya kwamba yeye jaji asiporidhika kiti kitabaki wazi.

Akapuliza. Jamani. Stanley, asiyelia hata akijigonga nyundo, akapenga kamasi.

Kiti kikawa chake.

Baadaye, kwenye chai, nikamfuata. "Maureen, nisamehe. Naapa sikukusudia."

Akamega keki. "Najua. Sasa."

"Sasa?"

"Niliziona namba asubuhi, Clifford, nilipokuwa nazifuta. Kumi na nane, zote tatu. Nikajua umenifanyia makusudi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka nikuone. Ungenyamaza ukapewa kiti, ningezitoa valvu zako hadharani, nikazisoma namba mbele ya watu wote. Ningekosa kiti, lakini wewe ungekosa pa kuuweka uso katika kijiji hiki."

"Kwa hiyo kule kukwama..."

"Mara mbili za kwanza ni kweli. Mbili za mwisho niliibana mwenyewe, nikikusubiri." Akatafuna. "Ulichelewa, we mzee. Nilishaanza kukuzika."

Nikakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti.

Siku hizi nakaa kiti cha pili. Bado natengeneza valvu za bendi nzima, na za Maureen pia. Ila yeye huja nazo nyumbani mwenyewe, akavuta kiti, akanikodolea macho mpaka ya mwisho irudi. Enid humkaribisha pai. Wananicheka kwa pamoja.

Nimesoma vitabu vingi vya ufundi, na hakuna kilichoniambia hili, kwa hiyo nakuambia mimi. Fundi hodari naye hukosea, tena hukosea pale alipojiona amevuka kukosea. Ukigundua, sema haraka, hata kama neno lenyewe litakugharimu. Huwezi kujua ni nani tayari anazo namba zako, amekaa kimya, anakuhesabia sekunde.